Kumeza mpira: ganzi, Valium au nusu kaputi?



Wiki hii huku kwetu stori si Simba na Yanga wala bumu kuchelewa. Stori ni mpira wa kumeza. Kuna dada wa chumba cha jirani, tumbo linamsumbua tangu mwaka wa kwanza, kanywa dawa za vidonda vya tumbo mpaka kachoka, na sasa daktari kamwandikia kipimo cha kamera. Yani ule mpira mwembamba wenye taa unaopita mdomoni, ukateremka kwenye umio, ukaingia mfuko wa chakula na kuishia mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Basi jioni ile kila mtu akawa daktari. Mmoja akamwambia, "Kubali sindano, utalala, ukiamka wameshamaliza." Mwingine akaruka, "Wee, usithubutu! Kuna watu walilala jumla. Puliziwa ganzi kooni, vumilia dakika tano, yaishe." Wa tatu, anayesoma famasi, akaanza kutaja majina ya dawa mpaka tukamfukuza arudi chumbani kwake.

Mimi nasoma historia, sindano sijui hata kuishika. Lakini semista hii nina kozi ya historia ya tiba na nilikuwa natafuta mada ya kuandikia, kwa hiyo ugomvi wao umenifaa. Nimekaa maktaba siku nne. Nilichokiona ni kwamba wale wawili wa kwanza wote wana ushahidi, ila ushahidi wao ni wa miaka tofauti. Ngoja niwasimulie.

Tuanzie Ujerumani, mji wa Freiburg, mwaka 1868. Daktari Adolf Kussmaul alitaka kuchungulia ndani ya mfuko wa chakula wa mtu aliye hai. Bomba lake lilikuwa limenyooka, gumu, urefu sentimita 47, unene milimita 13. Chukua rula yako ya sentimita 30, ongeza nusu yake na kidogo, halafu fikiria inapita kooni. Nani angekubali? Kussmaul akamtafuta mtu ambaye kazi yake ndo hiyo hiyo: mcheza maonyesho anayemeza mapanga. Bomba likapita. Bahati mbaya taa ya wakati ule ilikuwa hafifu, hakuona cha maana. Kuna watu wanaisimulia habari hii kama kichekesho, lakini mi naona swali lote la dawa limo humo ndani. Mmeza panga hakuhitaji dawa kwa sababu alishalifundisha koo lake lisikatae. Sisi wengine koo linakataa, na lina haki ya kukataa: kazi yake ni kuhakikisha kitu kisichotakiwa hakiingii kwenye njia ya hewa. Dawa yoyote inayolinyamazisha koo inampa likizo mlinzi wa geti. Shikeni hilo, tutalihitaji huko mbele.

Mwaka 1881 huko Vienna daktari Johann Mikulicz na fundi wa vyombo Josef Leiter walitengeneza bomba bora zaidi, lenye taa ya umeme. Bado lilikuwa gumu. Miaka mitatu baadaye, 1884, mji huo huo, kijana anaitwa Carl Koller akagundua kwamba kokeini ikidondoshewa jichoni jicho linakufa ganzi na linaweza kupasuliwa mtu akiwa macho. Ndiyo, kokeini hii hii ya kwenye sinema. Haikuchukua muda madaktari wa koo wakaanza kuipaka huko kooni. Ganzi ya kooni ilizaliwa hapo. Baadaye Msweden Nils Löfgren akatengeneza lidokeini mwaka 1943, ikaingia sokoni 1948, na ndiyo mpaka leo wengi wanapuliziwa kabla ya kumeza mpira. Uzuri wa ganzi ni kwamba akili yako inabaki yako. Unasikia, unaelewa, unaweza kuinua mkono ukisema basi. Ubaya wake ni huo huo: unasikia na unaelewa. Ganzi inalegeza koo, hofu haiigusi.

Sasa kuna mtu mmoja katika historia hii nimempenda kuliko madaktari wote, na yeye hakuwa daktari. Rudolf Schindler wa Munich ndiye aliyekifanya kipimo hiki kiwe kazi ya kawaida. Mwaka 1932, pamoja na fundi Georg Wolf, alitoa bomba ambalo nusu yake ya chini inapinda kidogo. Wanazi wakamweka kizuizini, na mwaka 1934 akahamia Chicago. Katika kazi hiyo mke wake, Gabriele, ndiye aliyekuwa anashika kichwa cha mgonjwa. Ni hivyo tu, kazi yake kushika kichwa. Lakini bomba likiwa gumu, kichwa kikigeuka vibaya umio unaweza kutoboka, na umio ukitoboka miaka ile ulikuwa unaitia familia msibani. Kwa hiyo mwanamke yule alikuwa anashika shingo, anaongea na mgonjwa, anamtuliza, na anamwangalia muda wote wakati mume wake jicho liko kwenye bomba. Vitabu vingi vinampa mstari mmoja au miwili. Mi ningempa ukurasa mzima, kwa sababu baada yake kila wanachokihangaikia watu ni dawa, dawa, dawa, na kile alichokuwa anafanya Gabriele kikasahaulika mpaka watu walipokufa.

Mambo yalibadilika mwaka 1957. Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyesoma Witwatersrand, alikuwa chuo kikuu cha Michigan na wenzake Larry Curtiss na Wilbur Peters. Walifunga pamoja nyuzi za kioo nyembamba kama nywele, mwanga ukapita ndani yake hata mpira ukipindwa. Mpira wa kwanza kabisa Hirschowitz aliumeza mwenyewe, ndipo akampa mgonjwa siku chache baadaye. (Wahadhiri wetu wajifunze hapo, kabla ya kutupa test waifanye wao.) Mpira ukishapinda, kipimo kinaacha kuwa cha wachache wenye roho ngumu. Wagonjwa wakaongezeka, foleni ikawa ndefu, na foleni ndefu inataka dawa inayofanya kazi haraka ili mtu aje asubuhi na jioni awe kwake.

Dawa iliyokuwepo ilikuwa pethidini, iliyotengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930. Ni ndugu wa mofini: inaondoa maumivu, inampa mtu usingizi, lakini inaleta kichefuchefu na inapunguza kasi ya kupumua. Hofu nayo haiondoi vizuri. Ndipo ikaja Valium.

Leo Sternbach, mkemia wa kampuni ya Roche huko New Jersey, ndiye baba wa kundi la dawa linaloitwa benzodiazepini. Ya kwanza, Librium, ilitoka 1960. Ya pili, diazepamu, ambayo watu wanaijua kwa jina la Valium, ikatoka 1963. Kwa mgonjwa wa mpira ilikuwa neema. Hofu inashuka, misuli inalegea, na kuna zawadi ambayo hakuna aliyeiomba: mtu anasahau. Anaamka anauliza wataanza saa ngapi.

Shida zake zilikuwa mbili. Kwanza, diazepamu haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo ile ya sindano ilichanganywa na vimiminika vingine vinavyounguza mshipa. Watu walirudi siku ya tatu mkono umevimba, mshipa mgumu kama waya. Baadaye walitengeneza ya mafuta, nyeupe kama maziwa, afadhali ikapatikana. Shida ya pili ni kubwa zaidi: haitoki mwilini. Ili nusu ya dawa iondoke inaweza kuchukua siku nzima, na zaidi ya hapo kwa mzee, na ini linapoichakata linazalisha kitu kingine ambacho nacho kinalewesha. Unampima mtu dakika kumi, yeye analewa mpaka kesho kutwa.

Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1970 wakemia wengine wa Roche, Armin Walser na Rodney Fryer, wakatengeneza midazolamu. Jamani, hapa mtu wa sanaa kama mimi nilikaa nikashangaa. Kwenye chupa, ambako kuna asidi kidogo, umbo la dawa linafunguka na inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo mshipa hauungui. Ikiingia kwenye damu umbo linajifunga, inakuwa kitu cha mafuta, inapenya kwenye ubongo haraka. Nusu yake inaondoka mwilini ndani ya saa mbili hivi. Na kusahau ndo usiseme, inafuta kumbukumbu kuliko hata Valium. Ulaya iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la Dormicum. Marekani iliruhusiwa Desemba 1985, jina Versed.

Miaka miwili haikupita, watu wakaanza kufa.

Hapa ndipo ushahidi wa yule aliyesema "usilale" unapotoka. Wengine walikuwa watu waliotembea wenyewe mpaka hospitali kupimwa tumbo tu, na ndani ya chumba cha kipimo wakaacha kupumua. Taarifa za vifo zilizofika kwa mamlaka ya dawa ya Marekani zilikuwa makumi. Mwaka 1988 kamati ya Bunge la nchi hiyo ikaita vikao, ikahoji dawa hii ilipitishwaje. Kilichoonekana ni kwamba madaktari walikuwa wameizoea Valium kwa miaka ishirini. Mkono wao ulishajua: sindano ya Valium unasukuma kiasi hiki. Ikaja dawa mpya, ndugu wa ileile, kampuni ileile, wakasukuma kwa mazoea yale yale. Kumbe miligramu kwa miligramu midazolamu ina nguvu kuliko Valium mara mbili na zaidi. Maelezo ya mwanzo yaliyotoka na dawa nayo yaliruhusu dozi kubwa mno, na chupa yenyewe ilikuwa kali, miligramu tano kwenye kila mililita moja, ukiteleza kidole tu umezidisha. Tena wengi walichanganya na pethidini au fentanili. Benzodiazepini inalegeza, ndugu wa mofini anauambia ubongo usihangaike kupumua, wakikutana wawili hawajumlishi, wanazidisha.

Maelezo yakaandikwa upya. Mtu mzima mwenye afya anaanziwa na isiyozidi miligramu 2.5, isukumwe taratibu kwa dakika mbili au zaidi, halafu usubiri dakika nyingine mbili uone. Mwenye miaka 60 na kuendelea, mwanzo usizidi 1.5. Chupa nyepesi ya miligramu moja kwa mililita ikatolewa. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni hesabu na subira.

Na mnajua ulinganisho ulipofanywa kwa utulivu ulisema nini? Wataalamu wa endoskopi wa Marekani na mamlaka yao ya dawa walikusanya vipimo 21,011, wakachapisha mwaka 1991. Matatizo makubwa ya moyo na kupumua yalikuwa 5.4 kwa kila vipimo 1,000, vifo 0.3 kwa kila 1,000. Midazolamu na diazepamu hazikuonekana kutofautiana kwa hatari hiyo. Kilicholeta tofauti ni kuongezewa dawa za ukoo wa mofini na kipimo kufanywa kwa dharura. Nilisoma mara mbili. Dawa iliyoitwa muuaji mwaka 1988, miaka mitatu baadaye inakaa meza moja na ile ya zamani iliyoaminiwa.

Waingereza nao walikagua kwao, wakachapisha 1995: mipira 14,149 katika kanda mbili za nchi. Kifo kimoja kwa kila vipimo 2,000, tatizo moja kwa kila 200. Madhara yalikwenda pamoja na dozi kubwa za benzodiazepini na kutomfuatilia mgonjwa. Halafu kuna kitu cha kumnyamazisha kidogo rafiki yetu wa ganzi: waliopuliziwa kooni na kupewa sindano walionekana kupata nimonia zaidi. Mlinzi wa geti yuko likizo, si mnakumbuka? Ndiyo maana ukipuliziwa wanakwambia usile wala kunywa mpaka ganzi iishe. Si kukunyima chai.

Nililoanza kuliona hapo ni kwamba watu walilinganisha dawa na dawa, wakati kilichookoa maisha hakikuwa dawa. Kilikuwa kile kidubwana cha kubana kidoleni ambacho wote tulikijua wakati wa Corona 2020 na 2021. Msingi wake uligunduliwa na Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, akifanya kazi kampuni ya Nihon Kohden. Miaka ya 1980 kikaanza kuenea vyumba vya upasuaji, ila vyumba vya kipimo cha tumbo vilichelewa, kwa sababu "hiki si upasuaji, ni kuchungulia tu". Bila hicho mtu anaweza kukosa oksijeni dakika kadhaa na chumba chenye giza, macho yote kwenye kioo, hakuna anayejua. Yani kwa lugha nyingine, kwa miongo kadhaa hakukuwa na Gabriele mle ndani.

Hata kuandikwa upya kwa dozi hakukutosha. Desemba 2008, miaka ishirini baada ya vikao vya Marekani, idara ya usalama wa wagonjwa ya Uingereza ilibidi iagize chupa kali za midazolamu ziondolewe kwenye wodi na vyumba vya kawaida, ibaki nyepesi, kwa sababu watu wazima walikuwa bado wanazidishiwa.

Sasa niwape ya nyumbani. Mama mdogo wangu ana miaka 63, ana presha na anakoroma mpaka majirani wanajua kalala. Mwezi uliopita naye aliandikiwa mpira, hospitali yake walimpa achague. Akanipigia: "Mwanangu wewe unasoma, hebu niambie. Mi nataka nilale fofofo nisijue kitu." Nikamwambia, "Shikamoo kwanza mama." Tukacheka. Halafu nikamwambia mimi si daktari, lakini aende na maswali: wataanza na kiasi gani, nani atakuwa anamwangalia yeye tu na si kioo, kidude cha kidoleni kipo, oksijeni ipo, dawa ya kugeuza ipo? Na asiwafiche habari za kukoroma. Daktari alipoyasikia maswali, mama anasema, alivuta kiti akakaa. Wakakubaliana ganzi na midazolamu kidogo, kwa umri wake na koo lake.

Nilimsindikiza. Alipotoka nikamuuliza vipi, akanijibu kwa hasira kidogo, "Hawajanipima bado, wananizungusha tu." Muuguzi akatabasamu, akaniambia pembeni kwamba ameshapimwa, alitapatapa mara mbili, akatoa machozi, akamshika mkono kwa nguvu. Mama hakumbuki hata chembe. Mpaka leo anasimulia kwamba kipimo kile ni rahisi.

Hilo limenikaa kichwani kuliko takwimu zote. Karatasi za kulinganisha dawa hizi huwauliza wagonjwa baada ya kipimo: umeridhika? ungekubali tena? Aliyesahau anasema ndiyo. Lakini mama wa saa ile, aliyekuwa anatoa machozi, hakuulizwa. Nilimwambia mwenzangu wa chumbani anayesoma falsafa, akasema kama hakumbuki hakuna tatizo. Mi sijakubaliana naye. Tumebishana mpaka chai imepoa. Kama maumivu yaliyosahaulika hayahesabiki, basi kila jeuri ingetafuta dawa ya kusahaulisha. Ila pia siwezi kumwambia mama arudi kwenye ganzi tupu ili akumbuke kila kitu kwa heshima ya falsafa yangu.

Tuendelee. Dawa ya kugeuza niliyoitaja inaitwa flumazenili, ya Roche vilevile, Marekani iliruhusiwa 1991. Inamtoa mtu kwenye midazolamu ndani ya dakika moja mbili. Lakini yenyewe inaisha mapema kuliko midazolamu, kwa hiyo mtu anaweza kuamka, akavaa viatu, halafu akalala tena. Kwa ndugu za mofini kuna naloksoni, iliyoruhusiwa huko 1971. Kuwepo kwa dawa hizi mbili ndiko kunakoifanya midazolamu iendelee kupendwa na wengi: ukikosea, kuna njia ya kurudi.

Propofoli haina njia ya kurudi. Hii ndiyo ile nyeupe, wauguzi wengine huiita maziwa. Iligunduliwa kwenye maabara za kampuni ya ICI Uingereza na kikundi alichokuwemo John Glen, na Glen alikuwa daktari wa mifugo, sikieni nyie mnaowacheka wenzetu wa mifugo. Majaribio ya kwanza kwa binadamu yalikuwa 1977, lakini mafuta waliyoiyeyushia yaliwaletea watu mzio, ikarudishwa maabara. Wakaichanganya na mafuta ya soya na lesithini ya kiini cha yai, ikatoka tena 1986 kwa jina la Diprivan. Mwaka 2018 Glen akapewa tuzo ya Lasker.

Kwa raha ya mgonjwa propofoli haina mpinzani. Unalala ndani ya nusu dakika, hutapitapi, unaamka baada ya dakika chache kichwa cheupe, wengine wanaamka na furaha. Hii ndiyo ushahidi wa yule aliyesema "lala". Shida ni kwamba kutoka usingizi mwepesi hadi nusu kaputi kamili ni hatua moja, na kutoka hapo hadi kuacha kupumua ni hatua nyingine. Dunia nzima ililijua jina lake Juni 2009, Michael Jackson alipokufa nayo nyumbani kwake. Mwaka 2014 mchekeshaji Joan Rivers alipewa propofoli New York kwa kipimo cha koo na tumbo, oksijeni ikashuka, akafa siku chache baadaye akiwa na miaka 81.

Lakini takwimu zake mikononi mwa waliofunzwa haziogopeshi hivyo. Mwaka 2009 Douglas Rex na wenzake walikusanya kutoka nchi mbalimbali vipimo 646,080 ambavyo propofoli ilisimamiwa na madaktari wa endoskopi wenyewe bila daktari wa usingizi. Vifo vilikuwa vinne, waliohitaji kuwekewa bomba la hewa 11. Ndo maana ugomvi haujaisha. Maelezo ya dawa yenyewe Marekani yanataka mtu aliyefunzwa nusu kaputi. Madaktari wa tumbo wanasema sisi tunaweza, wa usingizi wanasema hamuwezi, na mi naona pia kuna pesa katikati yao, ingawa kila upande unataja usalama tu.

Kwetu huku ugomvi huo ni wa kitajiri. Uchunguzi wa shirikisho la madaktari wa usingizi duniani, uliochapishwa 2017, ulionyesha Tanzania haikufikisha daktari mmoja wa usingizi kwa kila watu 100,000. Sasa huyo mmoja umtoe kwenye upasuaji wa mama mjamzito aje asimame kwenye mpira wa dakika saba? Ndiyo maana wengi wetu tunapuliziwa ganzi tu, na sidhani ni ukatili. Ganzi haihitaji mtu wa kukusindikiza, unapanda daladala mwenyewe ukirudi, na dawa unayopewa haizimi pumzi. Na mpira huu unahitajika mno ukanda wetu, kwa sababu saratani ya umio ni nyingi kuanzia Ethiopia, Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini, na anayeogopa kumeza mpira anakuja chakula kikiwa hakipiti tena. Ketamini, ambayo hospitali zetu zinaitegemea sana, mtauliza kwa nini isitumike. Inaacha mtu apumue, kweli, lakini inaongeza mate na haitulizi koo, na kwenye kipimo hiki koo ndilo tatizo lenyewe. Peke yake haifai.

Mpya kuliko zote ni remimazolamu, iliyoruhusiwa Marekani Julai 2020 kwa vipimo visivyozidi nusu saa. Ni benzodiazepini inayovunjwavunjwa haraka na vimeng'enya vya mwili, na flumazenili inaigeuza. Yani wanajaribu kuchukua wepesi wa propofoli na usalama wa midazolamu. Inasifiwa sana. Midazolamu nayo ilisifiwa hivyo hivyo mwaka 1985, kwa hiyo mi ningependa kwanza kuona watu wanaisukuma kwa dozi gani.

Wakati huohuo mpira wenyewe unakonda. Wa kawaida una unene wa milimita tisa mpaka kumi, lakini kuna wa milimita tano sita unaopitia puani, haugusi lile eneo la nyuma ya ulimi linaloleta kutapika, na mtu anaongea huku anapimwa. Japani wanautumia sana. Kutoka milimita 13 za Kussmaul mpaka tano, miaka mia na hamsini.

Dada wa jirani anapimwa Alhamisi. Kaisoma hii kabla yenu, kachagua ganzi tupu, kasema kama mmeza panga aliweza na yeye anaweza. Nimemwahidi kumshika kichwa wakiniruhusu, ila nadhani hawataniruhusu. Waliowahi kumeza mpira andikeni hapo chini mlipewa nini na mnakumbuka nini. Mi nakimbilia semina ya saa tisa.